Kukarabati nje ya jumba la maduka lililochakaa Nairobi: anza na maji, malizia na mabango

Majumba mengi ya zamani ya maduka jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Ngara hadi Hurlingham, yana mwili mzuri kuliko sura. Nguzo ni za zege, kuta ni za mawe ya kuchonga, na slabu imebeba mzigo miaka yote hiyo bila kulegea. Kilichozeeka ni uso: plasta imetoka malengelenge, mabango yamepandana, waya zinaning'inia, gata zimeoza na veranda ina mashimo.

Wenye majumba wengi humwita fundi wa paneli za aluminiamu kabla hata ya kupanda juu ya paa. Paneli zinafungwa, jumba linang'aa, wapangaji wapya wanavutiwa. Nyuma ya paneli ukuta unaendelea kunywa maji ya paa, vyuma ndani ya zege vinaendelea kuota kutu, na sasa hakuna anayeweza kuona, kwa sababu dalili zote zimefunikwa. Mwongozo huu unafuata njia ya maji yanavyoteremka: paa, parapeti (ukuta mfupi unaozunguka ukingo wa paa), ukuta, mabango, kisha sakafu ya nje. Ukiugeuza mpangilio huo, kuna kazi utakayoilipia mara mbili.

Vipimo tutakavyotumia ni vya jumba la orofa mbili lenye maduka 24, paa bapa la zege la mita za mraba 500, na kuta za nje za mita za mraba 600 baada ya kutoa milango na madirisha. La kwako likiwa kubwa au dogo zaidi, zidisha au gawanya.

Hatua ya 1: Kagua jumba likiwa limelowa

Ukaguzi wa Januari saa sita mchana hauna maana. Nenda asubuhi baada ya mvua ya usiku, ukiwa na nyundo ndogo, chaki, futi ya kupimia na simu ya kupigia picha. Tafuta michirizi myeusi chini ya parapeti, unga mweupe wa chumvi kwenye plasta, mistari ya kutu chini ya ukingo wa slabu, na rangi iliyovimba. Kila alama ina chanzo chake juu yake, mara nyingi mita moja au mbili kando, kwa kuwa maji hutambaa ndani ya ukuta kabla ya kutokeza.

Kisha gonga plasta, hatua kwa hatua, kila sentimita 30. Iliyoshika hutoa mlio mfupi na mkavu. Iliyoachana na ukuta hulia kama debe tupu. Zungushia chaki sehemu zote zinazolia hivyo, pima, jumlisha. Hizo ndizo mita utakazoandika kwenye bili ya vipimo, yaani orodha ya kazi ambayo kontrakta hujazia bei. Kontrakta akikuletea bei ya plasta kabla ya mtu yeyote kugonga ukuta, ujue amekisia, na pengo la kukisia kwake utaliziba wewe.

Nyufa zinahitaji subira kidogo. Ufa mwembamba kama unywele, chini ya milimita 0.3, ni wa plasta tu na rangi yenye mnyumbuko itauziba. Ufa unaopita milimita 5, au ule unaopanda mshazari kama ngazi kutoka kona ya dirisha, usiuguse kabla ya mhandisi kuuona. Chora mstari wa penseli kuukata ufa, andika tarehe na upana, rudi kila baada ya wiki mbili. Sehemu za South C, Embakasi na maeneo kadhaa ya Eastlands zimekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Ufa unaopanuka kiangazi na kubana wakati wa masika unasababishwa na udongo huo. Ukiuziba kwa simiti utapasuka tena pembeni ya kiraka.

Kabla ya kuondoka, angalia mambo mawili zaidi. La kwanza, mabati ya kijivu yenye mawimbi makubwa kwenye vibanda vya nyuma au kanopi: kama ni asbesto, usiyavunje wala kuyatoboa, kwa sababu vumbi lake huua mapafu taratibu. Yatolewe na watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kushughulikia taka hizo. La pili, bikoni za ploti, yaani alama za mipaka yake. Mwite mpimaji ardhi azitafute. Majumba mengi yamejongea polepole kuelekea barabarani kwa njia ya veranda, kanopi na ngazi, na kipande kilichoingia kwenye hifadhi ya barabara hakistahili hata ndoo moja ya rangi. Siku mamlaka ya barabara itakapokuja na tingatinga, haitauliza uliipaka lini.

Hatua ya 2: Vibali, mikataba na wapangaji

Kupaka rangi ileile upya ni matengenezo. Kubadilisha sura, kuongeza kanopi, kufunga paneli au kupanua madirisha ni ujenzi, na unahitaji michoro ya msanifu aliyesajiliwa, mhandisi wa majengo, na kibali cha Kaunti ya Nairobi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Mradi na kontrakta wasajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Uzio wa mabati unaokalia njia ya waendao kwa miguu una kibali chake kaunti, na kila bango la biashara lina lake. Omba vyote kwa pamoja. Kibali cha mabango kikisahaulika, utafungua jumba zuri lisilo na jina.

Bima ya ajali kwa mpita njia na ile ya wafanyakazi chini ya sheria ya fidia ya kazini, WIBA, ziwe mkononi kabla ya jukwaa la kwanza kusimama. Omba nakala zenyewe na usome tarehe ya kuisha.

Sehemu ngumu zaidi mara nyingi ni umiliki. Senta nyingi za mitaa ziliuzwa duka moja moja, kwa hiyo paa ni la wote na si la yeyote. Bila makubaliano ya maandishi, mwenye duka la kona atakataa kuchangia paa kwa kuwa kwake hapavuji, halafu akapake sehemu yake rangi ya kampuni ya simu iliyomlipa. Andikeni waraka mfupi wenye mambo manne: nani analipia nini na kwa kigezo gani (eneo la duka ndilo kigezo chenye ugomvi mdogo), rangi zilizokubaliwa, ukubwa na mahali pa bango, na marufuku ya kutoboa uso mpya bila idhini. Kama jumba ni la mtu mmoja, soma mikataba ya kupangisha uone kama gharama hizi zinaweza kuingia kwenye ada ya huduma. Mara nyingi matengenezo huingia, lakini maboresho hayaingii.

Hatua ya 3: Chagua miezi

Nairobi ina mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Zinabaki nafasi mbili: Januari na Februari, ambazo ni fupi lakini kavu, na Juni hadi Septemba, ndefu lakini yenye baridi na manyunyu mwezi wa Julai. Kazi ya ukubwa huu ianze Juni: paa na zege kwanza, plasta Julai (baridi yenyewe huisaidia isikauke haraka), rangi na paneli Agosti na Septemba. Desemba usiwe na jukwaa mbele ya duka lolote. Huo ndio mwezi ambao wafanyabiashara hutafutia kodi ya Januari, na hawatakusamehe.

Hatua ya 4: Paa na parapeti

Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 500 ni lita 25,000 za maji. Hilo ni rundo la maji linalotafuta pa kutokea, na kwenye majumba ya zamani hukuta matundu mawili au matatu ya inchi mbili, yameziba. Bomba la kushusha maji la milimita 100 lihudumie paa lisilozidi mita za mraba 80, kwa hiyo jumba letu linahitaji mabomba 7. Juu ya hayo, toboa parapeti matundu ya dharura, chini yake ikiwa milimita 50 juu ya uso wa paa. Maji yakianza kutoka huko, kila mtu mtaani ataona kwamba bomba limeziba, na paa halitageuka bwawa. Kila tundu la bomba liwe na kichujio cha duara kilichoinuka. Kichujio bapa hufunikwa na jani moja tu. Kama kuna mijakaranda karibu, kumbuka kwamba maua yake humwagika Oktoba na Novemba, sambamba kabisa na mvua za vuli, na yakilowa hugeuka uji unaoziba kila kitu.

Bandua lami ya zamani yote. Kutandaza membreni mpya (karatasi ya lami ya kuzuia maji) juu ya ya zamani ni kufungia maji katikati. Jua likipiga, maji hugeuka mvuke na kuinua membreni ikatoka mapovu. Uso ukiwa safi, mwaga sakafu ya simiti na mchanga yenye mteremko wa 1 kwa 80 kuelekea kwenye matundu, kisha jaza kona ya paa na parapeti kwa simiti mshazari wa milimita 50, kwa kuwa membreni ikikunjwa pembe mraba hupasuka hapohapo.

Membreni ya lami ya milimita 4, inayochomelewa kwa moto wa gesi, huuzwa roli ya mita 1 kwa 10. Roli hailipi mita 10 za mraba. Kingo za pembeni zipandane milimita 100 na za mwisho 150, hivyo unapata takribani mita 8.8. Ukiongeza ile inayopanda ukutani, jumba letu litakula roli 60, na nne za akiba. Ipande ukutani angalau milimita 150 juu ya sakafu ya paa, na ncha yake iingizwe kwenye mfereji uliokatwa kwa grenda ukutani kisha kuzibwa. Ncha iliyogandishwa tu juu ya plasta ndiyo hufunguka kwanza, na ndiko uvujaji mwingi huanzia. Lami inapoyeyuka vizuri, mstari mwembamba mweusi hutokeza kwenye kiungo. Pasipo na mstari huo, fundi apitishe moto tena.

Sasa ziba matundu yote, jaza maji kina cha milimita 50, acha saa 48. Muulize kwanza mhandisi kama slabu itabeba, maana maji hayo ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Kagua dari za maduka ya juu asubuhi na jioni. Jaribio hili huwachukiza makontrakta, na usilipe awamu ya paa bila kulifanya. Likipita, paka juu rangi ya fedha inayorudisha jua. Nairobi iko karibu na ikweta, juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na jua la huku hukausha lami iliyoachwa wazi ikapasuka mapema.

Kichwa cha parapeti kiwe na kifuniko cha zege au bati kinachoinamia ndani, kuelekea paani, na kitokeze nje ya ukuta milimita 40. Chini ya sehemu iliyotokeza kuwe na mfereji mdogo wa milimita 10 unaokata njia ya maji yadondoke. Bila mfereji huo maji hugeuka chini ya kifuniko na kushuka na ukuta, na ile michirizi myeusi itarudi juu ya rangi mpya kabla ya mwaka kuisha.

Hatua ya 5: Zege lenye kutu

Vyuma vilifunikwa kwa zege la milimita 10 au 15, unyevu ukaingia, kutu ikavimba, zege likabanduka. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye ncha za slabu na kanopi nyingi za zamani. Chonga hadi nyuma ya chuma, uache nafasi ya vidole viwili, uendelee kwa urefu hadi ufikie chuma safi. Sugua kwa brashi ya waya ya mashine, paka praima ya kuzuia kutu, kisha jaza kwa mchanganyiko maalumu wa kukarabati zege. Simiti na mchanga wa kawaida hunywea na kuachia njia ya maji. Chuma kilichopoteza robo ya unene wake ni cha mhandisi kuamua. Nguzo isichongwe pande zote kwa mara moja, hata fundi akikuambia amezoea.

Hatua ya 6: Kuosha, mawe na plasta

Anza kwa kuua ukungu: jiki sehemu moja kwa maji sehemu nne, nyunyiza, acha dakika 20, osha. Mashine ya maji ya nguvu ni nzuri kwa plasta na zege, lakini kwa mawe ya kuchonga punguza nguvu na usimame mbali. Mawe haya ni laini, na maji ya nguvu huyachimba vishimo ambavyo vumbi la barabarani litavikalia daima.

Kama jumba lina mawe yaliyo wazi na hayajapakwa rangi, yaache wazi. Mawe safi yenye viungo vipya hupendeza miaka mingi bila gharama, na ni sura ambayo majumba mapya ya vioo hayana. Chimba viungo vilivyolegea kina cha milimita 20, lowesha, jaza kwa simiti 1, chokaa 1, mchanga 6. Mafundi wengi watataka kutumia simiti 1 kwa mchanga 3 kwa sababu ni "ngumu". Hapo ndipo penye tatizo: kiungo kikiwa kigumu kuliko jiwe, jiwe ndilo hukatika kingo.

Plasta inayolia itolewe yote kwa tindo, ikatwe kingo za mraba. Lowesha ukuta, rusha mkono wa kwanza mwembamba wa simiti na mchanga usiolainishwa ili plasta ipate pa kung'ang'ania, siku ya pili piga plasta ya 1 kwa 4, unene wa milimita 15. Mahali jiwe linapokutana na nguzo au boriti ya zege, funga wavu wa waya wa upana wa milimita 200, nusu huku na nusu kule. Jiwe na zege hutanuka tofauti kwenye joto, na ule ufa wima unaoonekana kwenye kila jumba la zamani ndio mpaka wao.

Kwa mita za mraba 150 za plasta ya unene huo, nunua mifuko 19 ya simiti ya kilo 50 na mchanga wa mto tani 4 na nusu, upotevu ukiwamo. Mchanga ujaribiwe: weka kwenye chupa angavu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la matope juu likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya mchanga, lori lirudi lilikotoka. Plasta imwagiliwe maji asubuhi na jioni siku 7.

Hatua ya 7: Rangi

Plasta mpya ingoje siku 28. Ukipaka kabla, magadi ya simiti hula rangi na kuitoa madoa meupe. Wakati ukibana, tumia praima inayostahimili magadi, lakini unyevu hauna dawa. Bandika kipande cha nailoni angavu cha nusu mita ukutani, tepu pande zote, acha saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado una maji.

Tumia rangi ya akriliki ya nje. Rangi ya ndani ni rahisi kwa bei na itapauka haraka, ikianzia upande wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri. Rangi kali nyekundu na za zambarau hupauka mapema kuliko za udongo, kijivu na krimu. Siku za baridi fundi asianze kabla ya saa nne asubuhi, ukuta ukiwa bado na umande, na aache saa kumi ili rangi ishike kabla ya baridi.

Ukitoa mita za mraba 90 zitakazobeba paneli, zinabaki 510. Kwenye plasta laini lita moja hupaka mita 10 mkono mmoja: ndoo 3 za lita 20 za praima, na ndoo 6 za rangi kwa mikono miwili. Kwenye ukuta wa rafukasti, plasta yenye uso wa kukwaruza, lita hiyo hupaka mita 6 tu, na ndoo 6 zinakuwa 9 au 10. Changanya ndoo zote za rangi moja kwenye pipa kabla ya kuanza, maana ndoo mbili za namba moja huweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta mrefu.

Hatua ya 8: Paneli za aluminiamu, kama ni lazima

Paneli ni nzuri kwa ukanda wa juu na lango la kuingilia. Kulifunika jumba zima ni gharama inayoficha ukuta usiohitaji kufichwa, na huleta hatari ya moto. Paneli ya kawaida ni ngozi mbili za aluminiamu zenye plastiki katikati. Plastiki tupu huwaka. Jengo la Grenfell Tower jijini London liliungua Juni 2017, watu 72 wakafa, na paneli za aina hiyo ndizo zilizoupandisha moto ukutani. Agiza zenye kiini cha kuzuia moto, na upewe cheti cha majaribio ya bidhaa hiyohiyo. Kisha kata kipande mwenyewe, ushike kiberiti cha gesi kwenye ukingo: kikidondosha matone yanayowaka, rudisha mzigo.

Karatasi ya milimita 1,220 kwa 2,440 ni karibu mita 3 za mraba. Mita 90 ni karatasi 35, pamoja na asilimia 15 ya mabaki. Mifupa iwe ya aluminiamu au skwea tyubu iliyopakwa zinki, ifungwe kwa rolbolti, bolti zinazotanuka ndani ya tundu, kwenye boriti na nguzo za zege. Rolbolti kwenye jiwe laini hushika siku ya kwanza na kulegea baadaye. Chuma na aluminiamu visigusane. Weka mpira au plastiki katikati, la sivyo mvua itaanzisha kutu ya metali mbili. Nyuma ya paneli pawe na nafasi ya milimita 40 yenye matundu chini ya kutolea maji, na kizuizi cha moto kwenye usawa wa kila orofa ili nafasi hiyo isiwe bomba la moshi.

Kati ya paneli na paneli acha milimita 12. Paneli nyeusi yenye urefu wa mita 2.4 hurefuka karibu milimita 3 kutoka baridi ya alfajiri hadi jua la mchana, na zilizobanana hujikunja matumbo.

Angalia kwa karibu ile nailoni ya kinga iliyo juu ya paneli: imechapwa mishale. Mishale yote ielekee upande mmoja. Rangi za metali hupakwa kwa mwelekeo mmoja, na paneli moja ikigeuzwa itaonekana kama rangi nyingine jua likiwa upande. Fundi huona tofauti hiyo akishabandua nailoni, wakati silikoni imekwisha kukauka. Nayo nailoni isikae juani zaidi ya wiki sita, gundi yake huungua ikagoma kutoka.

Hatua ya 9: Mabango, waya na shata

Ng'oa mabango yote ya zamani, ziba matundu, kisha utenge ukanda mmoja wa mabango juu ya maduka, kimo cha milimita 700, usawa mmoja mwanzo hadi mwisho. Ndani yake pitisha bomba moja la umeme lenye toleo kwa kila duka, kila toleo na kikatizi chake kwenye mita ya mpangaji. Hapo hakuna atakayetoboa ukuta kutafuta waya. Herufi moja moja zisizozidi milimita 450 zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara kuliko sanduku kubwa la plastiki. Taa za nje ziwe za IP65, yaani zisizoingia vumbi wala maji ya mvua. Waya za intaneti za kampuni tano tofauti ziingizwe kwenye trei moja upande wa nyuma. Wape notisi ya siku 30, kisha zisizo na mwenyewe zikatwe.

Shata za bati tupu zipishe zile za wavu pale kioo kinaporuhusu. Mtaa ulio na taa za madirisha usiku una usalama kuliko ukuta wa bati.

Hatua ya 10: Kabro, mitaro na ngazi

Kabro ya milimita 60 inatosha waendao kwa miguu na magari madogo. Panapoingia lori la mkate na la soda, weka milimita 80. Uwanja wa mita 300 za mraba unahitaji vipande 15,600 vya ile ya mstatili, kwa hesabu ya 50 kwa mita pamoja na vinavyovunjika. Chini kuwe na mawe yaliyoshindiliwa milimita 200, kisha vumbi la kwari milimita 50. Kabro inayobonyea karibu kila mara ina chini isiyoshindiliwa, au haina ukingo wa zege wa kuizuia isitawanyike. Mteremko ni 1 kwa 50, ukiondoka kwenye jumba. Sakafu mpya ibaki chini ya kizingiti cha mlango kwa milimita 150. Kontrakta mvivu hulaza kabro juu ya sakafu ya zamani, na mvua ya kwanza huingia dukani.

Njia ya kiti cha magurudumu isipande zaidi ya 1 kwa 12: ngazi ya milimita 300 inataka mita 3.6. Mkokoteni wa bidhaa na mama mwenye pram watakushukuru vilevile.

Maduka yakiwa wazi

Fanya kazi mbele ya maduka manne kwa zamu, si jumba zima. Mbele yao jenga njia iliyofunikwa kwa mbao, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2.1, yenye taa, na bango la muda linaloandika majina ya maduka yaliyo nyuma. Kuchonga zege kufanyike kabla ya saa tatu asubuhi au Jumapili, baada ya kuwauliza wapangaji, maana kanisa la ghorofani litakuwa na maoni yake. Wiki ya mwisho wa mwezi isiwe na vumbi. Mama mboga, stendi ya boda boda na mwosha magari waelezwe mapema wapi watahamia na kwa siku ngapi. Ndio wanaowaona wezi wa vyuma usiku.

Malipo ya mwisho

Zuia asilimia 10 ya malipo hadi jumba lipitiwe na msimu mzima wa mvua. Kazi iliyoisha Septemba ilipwe salio Januari, baada ya ukaguzi wa pili asubuhi yenye mvua, kwa nyundo na chaki zilezile. Kwenye makabidhiano dai michoro ya mahali waya na mabomba yalipopita, cheti cha paneli, namba za rangi, dhamana ya membreni kwa maandishi, na karatasi tatu za paneli pamoja na mita mbili za kabro kutoka shehena ileile. Shehena ya mwaka ujao haitalingana na hii, hata namba ikiwa moja.